Mali bila daftari: maji ya Kilimanjaro na mikataba ya Arusha

Arusha ni mji uliozoea kalamu. Azimio la 1967 limebeba jina lake. Agosti 2000 Warundi walitia saini hapa mkataba wao wa amani. Mkataba ulioifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa hapa tarehe 30 Novemba 1999, na Novemba 2003 wakubwa wakarudi kusaini itifaki ya maendeleo endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria. Ukikaa kwa muuza kahawa jirani na AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, siku ya mkutano mkubwa, utahesabu magari yenye vibendera mpaka uchoke. Nimewahi kukaa. Kahawa ilikuwa tamu. Maji yaliyoipika yalitoka kwenye dumu la njano, na mwenye dumu nilipomuuliza amelijaza wapi, alicheka tu.

Kicheko kile kimenikaa kichwani. Juu ya ngazi, watu wa nchi nane wanajadili maji ya kanda nzima. Chini ya ngazi, maji ya lita ishirini hayajulikani yametoka wapi, wala yana nini ndani yake.

Sina ugomvi na mikataba. Wafanyabiashara wanasema mali bila daftari huisha bila habari, na maji baridi ya dunia hii, kwa sehemu kubwa, ni mali ya namna hiyo. Ushirikiano wa kimataifa umejaa karatasi upande mmoja na setilaiti upande wa pili. Katikati, pale anapotakiwa mtu mwenye buti za mpira ashuke mtoni asubuhi na jioni akasome namba na kuiandika, pamebaki patupu. Nionavyo mimi, ugomvi mwingi wa maji unaota hapo.

Panda Coaster stendi ya Moshi uelekee Arusha. Kabla hujafika Boma Ng'ombe utakuwa umevuka Karanga, Weruweru na Kikafu, mito mitatu inayoshuka kutoka mlimani kwenda kuungana na Kikuletwa, ambayo nayo inamwaga maji bwawa la Nyumba ya Mungu. Abiria wengi wanayajua madaraja haya kwa miteremko yake. Wachache wanajua kwamba mito ya namna hii hufungiwa ubao wenye namba, kama rula ya mwanafunzi iliyosimamishwa majini, na kwamba mahali fulani yupo mwanakijiji anayelipwa posho ndogo kuusoma.

Ubao ule peke yake hausemi mto una maji kiasi gani. Unasema kina tu. Ili kina kigeuke kuwa mtiririko, yaani mita za ujazo kwa sekunde, lazima wataalamu waje mara kadhaa kwa mwaka, kiangazi na masika, wavute kamba toka ukingo hadi ukingo, wapime kina na kasi ya maji hatua kwa hatua, kisha waoanishe na namba ya ubaoni. Vipimo vikitosha wanachora mstari: kina hiki, maji haya. Halafu masika moja ya mafuriko inachimba sakafu ya mto, au inaijaza mchanga, na mstari wote unakuwa uongo. Msomaji wa kijijini anaendelea kuandika kwa uaminifu namba ambazo hazina tena maana. Kupima mto ni kama kufagia uwanja wenye mwembe: ukimaliza, umeanza.

Kazi ya namna hiyo haina wa kuipigia makofi. Daraja hukatiwa utepe, kisima hukatiwa utepe, hata choo cha shule nimeona kikikatiwa utepe. Sijawahi kusikia waziri wa nchi yoyote akialikwa kuzindua daftari la msoma kipimo lililojaa miaka kumi bila siku kurukwa, ingawa daftari hilo kwa mtu anayepanga bwawa ni sawa na dhahabu.

Cha ajabu ni kwamba dunia ililijua hili zamani. Machi 1977 Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano wa maji Mar del Plata, Argentina. Mpango wa utekelezaji uliotoka pale uliweka jambo la kwanza kabisa: kutathmini rasilimali za maji, kila nchi ijue ina nini. Mkutano mwingine wa Umoja wa Mataifa wa uzito ule haukufanyika tena mpaka Machi 2023, New York, miaka 46 baadaye. Huko zilitolewa ahadi karibu 700 za hiari, ambazo hazimfungi mtu. Wenyeji wenza walikuwa Tajikistan na Uholanzi. Nitairudia Uholanzi.

Katikati ya mikutano hiyo miwili, madaftari yalififia. Mjini Koblenz, Ujerumani, kipo tangu 1988 kituo kinachokusanya takwimu za mitiririko ya mito ya dunia chini ya mwavuli wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Ukitafuta humo mito ya Afrika, mara nyingi utakuta mfululizo mzuri wa miaka ya 1960 na 1970, kisha unaanza kukatikakatika, kisha kimya. Mito haikukauka miaka ile. Zilikauka posho, mafuta ya Land Rover na bajeti za idara za maji, enzi zile za kubana matumizi ya serikali.

Watu wa teknolojia watanijibu: kwa nini tuhangaike na rula za mtoni wakati kuna setilaiti? Ni swali la haki. Mwaka 2002 Marekani na Ujerumani walirusha setilaiti mbili zinazofuatana angani zikiwa zimeachana kilomita 220 hivi. Ya mbele ikipita juu ya mahali penye uzito zaidi, huvutwa kidogo, na umbali kati yao hubadilika kwa kiasi kidogo mno ambacho vyombo vyake vinakiona. Maji yakipungua ardhini, uzito unapungua, na setilaiti zinajua. Kwa njia hiyo dunia ilithibitisha kwamba maji ya chini ya ardhi kaskazini mwa India na katika bonde la kati la California yanavutwa kuliko yanavyorudi. Ni kazi ya kuvulia kofia, na ziliporithiwa na jozi mpya mwaka 2018 nilifurahi kama ningekuwa na hisa.

Lakini jicho lile linaona kwa mamia ya kilomita. Kilimanjaro, Meru na milima ya Upare yote ni doa moja. Haliwezi kumwambia mama wa Rombo kwa nini chemchemi yake imepungua wakati ya jirani inabubujika. Wahenga walisema maji ya kifuu bahari ya chungu. Wanaogombana kwa mapanga hugombania ya kifuu, na setilaiti haioni kifuu. Tena setilaiti yenyewe inahitaji vipimo vya ardhini ili isahihishwe. Ukiacha kupima chini, hata cha juu kinaanza kubahatisha.

Nichukue mfano wa theluji yetu, maana hapa ndipo dunia ilipotupenda kwa namna isiyotusaidia sana. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba kama 12. Kufikia 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Picha zimezunguka dunia nzima, na sentensi moja imezunguka pamoja nazo: barafu ikiisha, mito ya Kilimanjaro itakauka. Nimeisikia hotelini, nimeisikia kanisani, nimeisikia kwa dereva wa bodaboda wa Majengo.

Mito hii kwa sehemu kubwa haiishi kwa barafu. Kileleni ni jangwa la baridi, na sehemu ya barafu inapotea hewani moja kwa moja bila hata kuwa maji. Kinacholisha mito na chemchemi ni mvua ya ukanda wa msitu, hasa upande wa kusini, ambako hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka wakati mjini Moshi hazifiki 1,000. Msitu ule unaichuja mvua na ukungu, unaikabidhi ardhi, na ardhi inaitoa polepole huku chini. Anayetaka kuombolezea maji ya Moshi aiangalie mioto inayopanda juu kila kiangazi kibaya, aangalie mashina yaliyokatwa. Mwaka 2005 msitu huo uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa, hatua kubwa kuliko makongamano mengi ya barafu, lakini nani alipiga picha? Theluji ina sura. Msitu wa mvua ukiupiga picha unapata ukungu.

Hapo unaona kwamba tathmini ya maji ina siasa ndani yake, sitaki kuwalisha wasomaji ndoto. Kinachopimwa ndicho kinachopata fedha, na kinachopimwa mara nyingi ni kile anachokipenda mpimaji kutoka mbali. Mwaka 2016 wanasayansi wa nchi kadhaa walichoronga sakafu ya Ziwa Chala, lile ziwa la kreta lililokatwa na mpaka wa Tanzania na Kenya, wakatoa tope la zaidi ya mita 200 lenye kumbukumbu ya tabianchi ya takriban miaka 250,000. Ni jambo la kujivunia. Tunajua ukame wa Chala wa kabla ya binadamu kujua kulima. Ningependa pia, kwa wivu kidogo, tujue kwa namba visima vya mwaka jana.

Mimi nimekulia Uru, penye mfongo. Kwa asiyejua, mfongo ni mfereji wa Wachagga unaochepusha maji kutoka mtoni juu na kuyatembeza ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba ya kila familia. Hakukuwa na rula, lakini daftari lilikuwepo vichwani. Kila ukoo ulijua zamu yake, kwamba maji yanaingia kwa fulani alfajiri na yanatoka jua likifika pale. Siku ya kusafisha, kila nyumba ilitoa mtu na jembe. Asiyefika alilipa faini, mbege au mbuzi kulingana na kiburi chake. Babu yangu aliweza kusema nani ameiba maji usiku kwa kutazama tu unyevu wa migomba. Nisiupambe sana: wanawake hawakuwa na sauti kwenye kikao cha mfongo, na aliyehamia karibuni alipata masazo. Lakini kitu kimoja walikuwa nacho ambacho sikioni kwenye mikataba mingi: hesabu ambayo kila anayeguswa nayo aliweza kuikagua kwa macho yake.

Sasa linganisha na kilichotokea chini kule tambarare. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika 1987 kwa mkopo wa Japani. Ulitegemea mito ya Rau na Njoro, ukapangiwa hekta 2,300 hivi za mpunga na mazao mengine, Mabogini, Chekereni na jirani zake. Kilimo chenyewe kilifaulu kupita matarajio: mpunga ulitoa zaidi ya tani 6 kwa hekta, na wanunuzi walikuja mpaka mashambani. Hapo ndipo mgema aliposifiwa. Wakulima wa juu ya mito ileile, ambao hawakuwemo kwenye mradi, waliona jirani anajenga nyumba ya bati kwa mpunga, nao wakachimba mifereji yao, wakapanda mbegu ileile. Maji yaliyobaki kufika kwenye mifereji ya saruji yalipungua, na eneo la mpunga ndani ya mradi likasinyaa. Ugomvi uliofuata ulidumu miaka.

Mito ile ilikuwa imepimwa. Wataalamu walifanya kazi yao ya mita za ujazo. Tamaa ya wa juu ndiyo haikupimwa, na wala simaanishi tamaa kwa ubaya. Ni haki ya mtu kutaka anachokiona kwa jirani. Ushirikiano ule ulikuwa kati ya Tokyo na Dar es Salaam, wakati mto ulikuwa kati ya kijiji na kijiji. Daftari la mradi lilikuwa na ukurasa wa maji bila ukurasa wa watu.

Kwa haki, nchi ilijifunza kitu. Ofisi ya Bonde la Pangani, yenye makao Moshi, ilianzishwa 1991, ya kwanza kati ya mabonde tisa ya Tanzania. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ikazitia nguvu bodi za mabonde na jumuiya za watumia maji, na kila anayechepusha maji anatakiwa awe na kibali. Miaka ya 2000, kwa msaada wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, na wengine, lilifanyika zoezi ambalo mimi naliona la maana kuliko yote: kukadiria maji kiasi gani yaachwe mtoni kwa ajili ya mto wenyewe, samaki wake, na watu wa mwisho kabisa kule Pangani mjini ambako mto ukidhoofika maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuingia mashambani. Lakini kibali kinaandikwa kwa kiasi cha maji, na mifongo mingi haina chombo cha kupima inachopitisha. Unampa mtu leseni ya mwendo kasi kwenye gari lisilo na mshale wa spidi.

Na Pangani si yetu peke yetu. Mto Lumi unaanzia ubavu wa mashariki wa Kilimanjaro, upande wa Rombo, unaingia Kenya karibu na Taveta, unateremka kumwaga maji Ziwa Jipe ambalo nusu yake ni ya Kenya na nusu ya Wilaya ya Mwanga. Kutoka Jipe maji yanatoka kwa jina la Ruvu, yanarudi Tanzania kwenda Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo yanakwenda kuzungusha mitambo ya Hale na Pangani. Yaani maji yanavuka mpaka mara mbili wakati sisi tumepanga foleni kwenye kituo cha mpakani Holili. Jipe limekuwa likijaa tope na magugu, na kila upande una maelezo yake: wa huku wanasema ni mifugo na mashamba ya kule, wa kule wanasema ni udongo wa milima ya Upare. Mwaka 2013 serikali mbili zilisaini hati ya makubaliano juu ya Chala, Jipe na Mto Umba. Ni hati njema. Ningeipenda zaidi kama kiambatisho chake cha kwanza kingekuwa ubao mmoja kwenye Lumi, wasomaji wawili, mmoja wa kila nchi, na daftari moja lililobandikwa ukutani Taveta na Mwanga, ambalo mvuvi yeyote anaweza kulisoma.

Mbona kwenye umeme tunaweza? Rusumo, kwenye Mto Kagera, Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga kwa pamoja mtambo wa megawati 80 na zinagawana sawa kwa sawa. Senegal, Mali na Mauritania walitangulia zamani, wakafanya mabwawa ya Mto Senegal kuwa mali ya pamoja. Sidhani wao ni watu wema kutuzidi. Umeme una mita. Kilowati ikipita, namba inazunguka, hakuna wa kubisha.

Tatizo la kweli la daftari, na hapa nawaelewa wakubwa kidogo, ni kwamba namba ni mali. Ukimwonyesha jirani una kiasi gani, umemwonyesha pa kudai. China iko juu ya Mekong, mto mkubwa wa Asia ya kusini-mashariki. Ilianza kuwapa nchi za chini takwimu za msimu wa mafuriko tu, tangu 2002, na za mwaka mzima hazikuja mpaka 2020. Miaka kumi na minane kutoka masika hadi kiangazi. Lakini tazama pia ubaya wa namba zikikaa kwa wachache. Mkataba wa Mto Nile wa 1959 kati ya Misri na Sudan ulichukua mita za ujazo bilioni 84 zinazopita Aswan kwa mwaka, ukaipa Misri bilioni 55.5 na Sudan 18.5, kilichobaki kikaachiwa jua. Jumlisha: imeisha. Ethiopia, ambako hutoka takriban asilimia 85 ya maji yale, ilipata sifuri, na sisi wa Ziwa Victoria pia. Ilikuwa hesabu iliyokamilika kabisa, safi kwa kalamu, yenye kasoro moja tu, kwamba wenye maji hawakuwemo chumbani. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere, mwaka 1962, aliwaandikia Waingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika haifungwi na makubaliano ya 1929 ya Mto Nile yaliyosainiwa na mkoloni kwa niaba yake. Na ndiyo maana bomba la kutoka Ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga lilianza kujengwa 2004 bila kuomba ruhusa Cairo. Mkataba mpya wa ushirikiano wa Bonde la Nile, uliofunguliwa kwa saini Entebbe 2010 na kuridhiwa na Tanzania 2015, umeanza kutumika Oktoba 2024 baada ya Sudan Kusini kuridhia. Misri na Sudan ziko nje. Kenya ilisaini, lakini mpaka wakati huo haikuwa imeridhia. Tusubiri tuone, ila kazi ya kwanza ya tume yake isiwe kugawana. Iwe kukubaliana rula ipi itumike.

Nirudi Arusha, kwenye lile dumu.

Tatizo la maji ya Arusha huoni kwa macho, isipokuwa mtu akicheka. Ukifika Dar es Salaam ukacheka, watu wanakwambia wewe wa Arusha, na hawajauliza. Miamba ya volkano ya Mlima Meru inaachia floraidi kwenye maji, na maji yakikaa nayo muda mrefu ardhini yanabeba zaidi. Kidogo yake huimarisha meno. Ikizidi utotoni yanakuwa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka huingia kwenye mifupa, na watoto wa baadhi ya vijiji vya kuzunguka Meru wamekua na matege yasiyonyooka. Pale barabara kuu ya Moshi kuna mahali panaitwa Maji ya Chai, kwa rangi ya mto wake. Jina lile ni taarifa ya maabara iliyoandikwa na wananchi kabla ya maabara.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, ikijua watu wengi hawana maji mengine, iliwahi kuvumilia mpaka 8 vijijini, ikashuka kuwa 4, na sasa imefika 1.5. Tafakari hilo. Kisima kilekile, maji yaleyale, kimekuwa salama, halafu si salama, kwa sababu karatasi imebadilika. Sipingi karatasi, kiwango cha 1.5 ni sahihi. Ila kiwango hakichuji maji. Kinachosaidia ni kujua kisima kipi, kina gani, msimu gani, maana visima viwili vilivyoachana mita mia kadhaa vinaweza kutofautiana kama chai na maziwa. Ramani ya namna hiyo hujengwa sampuli moja baada ya nyingine. Hapo Ngurdoto kimekuwepo kituo cha utafiti cha kupunguza floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na pale Taasisi ya Nelson Mandela, Askwar Hilonga alibuni chujio lililompa Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi mwaka 2015. Kwa kiwango cha jiji, umejengwa mradi wa shilingi bilioni 520, kwa sehemu kubwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, wenye uwezo wa lita milioni 200 kwa siku. Huo ni ushirikiano wa kimataifa wenye bomba. Deni lake nalo lina tarehe.

Nilisema nitarudi Uholanzi. Waridi na maua mengine ya mabanda ya Usa River na Arumeru yamekuwa yakipanda ndege kwenda kwenye mnada wa Aalsmeer kwa miaka mingi. Maua ni maji yaliyopewa rangi. Yameleta ajira, binti wa shangazi yangu alisomeshwa nayo, kwa hiyo sitatukana. Lakini tunapozungumzia tathmini ya maji ya dunia, lita zilizomo ndani ya sanduku la waridi ziandikwe wapi? Kwenye daftari la Arumeru zinaonekana kama matumizi yetu. Mezani Amsterdam zinaonekana kama zawadi ya siku ya wapendanao. Mwenyeji mwenza wa mkutano wa New York angeweza kuanza na ukurasa huo, na nasi tungeweza kumwuliza.

Mkutano unaofuata wa Umoja wa Mataifa umepangwa 2026, Falme za Kiarabu zikishirikiana na Senegal. Ujumbe wetu bila shaka utakwenda, na utasoma hotuba yenye neno "ustahimilivu" mara nyingi. Ombi langu ni dogo: kabla ya kupanda ndege KIA, basi lao lisimame dakika tano kwenye mto wowote wa njiani wenye ubao wa namba. Mwezi uliopita nilisimama kwenye mmoja, siutaji, nikashuka mpaka chini nikishikilia majani. Ubao ulikuwa umelala upande kama mlevi aliyeegemea ukuta, na mfuko wa nailoni mweusi ulikuwa umejizungusha pale penye sita na saba. Kijana aliyekuwa anaosha pikipiki aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia nataka kujua maji yamefika wapi. Akavua kandambili, akaingia mtoni, akanyoosha mkono magotini, akasema: "Hapa, kaka."

Nikaandika. Tarehe, saa nne kasoro robo asubuhi, magotini kwa kijana wa wastani.